Gitaa Litakalokaa Mkononi, Si Juu ya Kabati

Asalaam alaykum. Wazee wangu mliokaa mbele, walimu, na nyinyi vijana mliojaa mpaka kwenye ngazi, ahsanteni kwa kuja na jua hili la Jumamosi. Mwenyekiti amenipa nusu saa nizungumze juu ya kuchagua gitaa la kwanza la umeme. Wengi mnanijua: usiku napiga gitaa katika kikundi cha taarabu, mchana natengeneza redio na maspika. Kwa hivyo mkiniona natoka kwenye muziki naingia kwenye waya, mniwie radhi, ndiyo riziki yangu.

Hapo mezani kuna magitaa matatu nimeyafunika kanga. Msiyafunue kwanza. Tutafika.

Juzi kijana mmoja alinijia na picha kwenye simu. "Mjomba, gitaa hili zuri?" Nikamuuliza, zuri kwa kazi gani? Akanambia, "Zuri tu." Na kweli lilikuwa zuri, linang'ara kama gari ya harusi. Nikamuuliza kama amelishika. Hajalishika. Lipo Dar es Salaam, muuzaji anataka pesa kwanza, litapanda boti kesho.

Najua yupo mzee hapa anasema moyoni, mchagua jembe si mkulima. Mzee wangu, msemo huo nauheshimu, lakini unamhusu anayechagua jembe ili siku ipite asilime. Huyu kijana anataka kulima. Na jembe lenye mpini uliolegea humtoa mtu malengelenge siku ya kwanza, siku ya pili halioni shamba.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Gitaa langu la kwanza la umeme lilikuwa jekundu. Nililiagiza Bara kwa mtu, bila kulishika, kwa sababu ya rangi. Lilipofika nilikuta nyuzi zimekaa juu ya shingo kama kamba za kuanikia nguo. Ukibonyeza uzi, unabonyeza kwa nguvu zote, na ukifika chini sauti imeshapinda. Nilijitahidi wiki tatu. Vidole vikavimba, nikajiambia mimi sina kipaji. Nikaliweka juu ya kabati, likakaa huko miezi minane.

Lililolishusha ni giza. Mnakumbuka Disemba 2009, umeme ulipokatika Unguja nzima hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Fundi redio bila umeme ni mtu wa kukaa barazani tu. Siku moja nikalichukua lile gitaa nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza maudi, si magitaa. Akalitizama kwa jicho moja, kama anavyotizama seremala ubao. Akaukaza kidogo ule ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo, akachonga vijifereji vya ule mfupa wa juu zinamopita nyuzi kwenda kwenye funguo za kukazia, akashusha daraja, kile chuma cha chini kinachobeba nyuzi. Saa moja haikufika. Aliponirudishia nilidhani kanibadilishia gitaa. Miezi ile ya giza nililipiga kila siku, bila ampu, ile mashine ya kukuza sauti, kwa sababu gitaa la umeme lisilo na waya lina sauti ndogo inayomtosha mwenyewe. Ndipo nilipojifunza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba gitaa langu halikuwa bovu. Lilikuwa halijatengenezwa likapigika. Na kipaji changu, kidogo au kingi, kilikuwa kimekwama kwenye milimita mbili za hewa.

Hebu tufanye hesabu. Mtu kanunua gitaa la shilingi 300,000, kalipiga siku 10, kalitundika. Kila siku aliyopiga imemgharimu shilingi 30,000. Mwenziwe kanunua la 400,000, kampa fundi 50,000, kalipiga kila siku kwa miaka miwili. Gawanya 450,000 kwa siku 730: shilingi 616 kwa siku, haifiki hata bei ya bakuli la urojo. Nani kanunua rahisi? Mimi bei ya gitaa siku hizi nnaihesabu hivyo tu. Kila kitu kinachokufanya ulitue gitaa chini ni ghali, na kila kinachokufanya ulinyanyue tena kesho ni rahisi hata kama umetoa pesa zaidi.

Sasa tulifungue gitaa lenyewe. Udi unatoa sauti kwa tumbo lake. Gitaa la umeme, mengi yake, halina tumbo, ni ubao mzima. Sauti inachukuliwa na zile pikapu chini ya nyuzi. Naona mnacheka. Siyo pikapu ya kubebea mchanga. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya ule, unakwenda kwenye ampu, ampu inaukuza. Ndiyo maana nyuzi lazima ziwe za chuma. Kuna rafiki yangu alikosa nyuzi akafunga za nailoni, akaniletea ampu yake akisema imekufa. Ampu nzima kabisa. Sumaku ilikuwa haina wa kuzungumza naye.

Pikapu ziko za namna mbili. Ya koili moja, yaani mzingo mmoja wa waya huo, ina sauti kali, safi, inayokata, lakini inaokota na uvumi wa umeme. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na uvumi huo mnaujua, ule "mmmm" kwenye ukumbi wenye taa za tyubu. Mwaka 1955 fundi mmoja wa Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani, jina lake Seth Lover, akaunganisha koili mbili zinazopingana, uvumi wa moja ukaufuta wa nyengine, na sauti ya nyuzi ikabaki, tena nene zaidi. Hiyo wanaiita hambaka. Kwa anayeanza, gitaa lenye hambaka moja karibu na daraja na koili moja moja kwengine linampa ladha zote mbili. Yamaha Pacifica 112 limepangwa hivyo, na ni moja katika magitaa ya wanaoanza nisiyoyaonea haya kuyataja.

Maneno ya mbao sitayafanya marefu. Mtu akikwambia ulipe laki mbili zaidi kwa sababu ubao wa mwili wake unalia vizuri, mwambie ahsante, hizo laki mbili zina kazi.

Kazi yake ni shingo, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wanapopotelea. Mkono wako utaishi kwenye shingo. Likamate gitaa, tizama kutoka upande wa daraja kuelekea juu, jicho moja limefumba. Shingo iwe imenyooka, au imejikunja mbele kidogo mno, kiasi cha kadi nyembamba. Ikijisokota kama ufito uliolowa, liache hapo hapo, hata ukipewa bure. Halafu pitisha kiganja pembezoni, juu na chini. Ncha za freti zisikukwaruze. Freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo. Ncha zake zikikuchana dukani, zitakuchana kila siku.

Kisha toa rula. Rula ya skuli, hii hii ya mtoto. Isimamishe kwenye freti ya 12, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi mnene. Milimita 2 au zaidi kidogo, safi. Ikifika 3 na kupita, muulize muuzaji kama daraja linashuka na kama yuko tayari alishushe mbele yako. Baada ya hapo piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, usione haya. Muuzaji atakutizama vibaya. Mwache akutizame. Unasikiliza kama kuna freti inayotetema, na kama kuna sauti inayokufa ghafla. Mwisho piga uzi ukiwa wazi, halafu piga freti ya 12. Ni sauti ile ile, imepanda oktavu moja. Ikiwa imepinda, daraja linahitaji kurekebishwa. Na kama daraja limeshafika mwisho wake na bado imepinda, hilo lina maradhi.

Funguo pia. Kaza, vuta nyuzi kwa vidole, tizama kama sauti imeshuka. Gitaa lisilokaa kwenye sauti linamharibu mwanafunzi masikio, kwa sababu anajifunza kuzoea kosa.

Mwalimu mmoja aliniuliza kabla sijaanza: wasichana wenye vidole vifupi wafanyeje? Urefu wa uzi kutoka mfupa wa juu hadi daraja si mmoja kwa magitaa yote. Mtindo wa Fender, kampuni nyengine ya Marekani, ni milimita 648, mtindo wa Gibson ni kiasi cha 628. Tofauti ya sentimita mbili tu, lakini kwenye mkono unaisikia: freti zinakaribiana na uzi unakuwa laini zaidi. Bibi zangu, msikubali kuambiwa mikono yenu haifai. Badilisheni gitaa kwanza.

Sasa daraja. Utaona magitaa yenye mkono wa kutikisa, unaubonyeza sauti inayumba. Stratocaster, gitaa la Fender la 1954, ndiyo iliyoueneza. Mtamu huo mkono, sikatai. Lakini kwa gitaa la kwanza mimi nnapenda daraja lisilotikisika, na kama limekuja na mkono, fundi akaze springi za nyuma daraja lilale juu ya mbao lisiondoke. Yale madaraja yanayoelea, yenye kufuli mpaka huku juu, msiyaguse mwaka wa kwanza. Uzi mmoja ukikatika, tano zilizobaki zote zinahama, na kuzirudisha ni kazi ya mchana mzima. Hapa kwetu uzi ukikatika usiku wa shughuli hakuna duka.

Kuna jambo linanifurahisha kulisimulia. Leo Fender, aliyetengeneza gitaa ambalo mwaka 1951 lilikuja kuitwa Telecaster, hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio, ana duka lake California. Mwenzangu kabisa. Na akili yake ni ya fundi redio: shingo kaifunga kwa skrubu 4 tu. Ikiharibika, fungua, tia nyengine. Gibson wao wanagundisha kwa gundi, kazi nzuri na ya heshima, lakini ikivunjika shingo umepata msiba. Kisiwani, pahala ambapo vipuri vinasubiri boti, gitaa la skrubu 4 ni gitaa la watu wenye busara. Hayo ni maoni yangu. Wapo watakaonibishia nje.

Majina nayo mnayataka, nnajua. Squier ni mtoto wa Fender. Epiphone ni mtoto wa Gibson. Wanatoa maumbo yale yale ya wakubwa wao kwa pesa ndogo, mengi yanaundwa Indonesia na China, na yaliyo mazuri ni mazuri kweli. Ibanez nao wana ya wanaoanza, shingo nyembamba. Lakini ukikuta sokoni gitaa limeandikwa Fender kwa herufi kubwa, na bei yake ni ya jozi ya viatu, jina hilo limebandikwa. Linaweza hata hivyo kupigika. Lipime kwa rula, ulilipie kwa linavyopigika, maandishi usiyalipie hata senti.

Na kama mtu anaona aibu kupiga gitaa lisilo na jina, kuna yule mtoto aliyezaliwa hapa hapa Unguja 1946, akakua akaitwa Freddie Mercury, mwimbaji wa kikundi cha Queen. Mpiga gitaa wake, Brian May, gitaa lake hakununua. Alilitengeneza na baba yake nyumbani, wakaanza 1963. Shingo ilitoka kwenye mbao ya meko ya zamani, springi za daraja ni za vali za pikipiki, na alama za kwenye shingo ni vifungo vya nguo vya mama yake. Na badala ya risha anapigia sarafu. Gitaa hilo limeizunguka dunia.

Wanaotaka taarabu wanisikilize hapa. Udi na fidla havina freti, kidole kinakwenda pahala popote. Kwa hivyo zile sauti za makamu ya Kiarabu kama Bayati na Rasti zinazokaa baina ya nusu na nusu, mpiga udi anazipata bila ya shida. Gitaa limefungwa kwa freti 12 kwa kila oktavu, halina robo ya sauti. Ukitaka robo unabonyeza freti ya chini yake, unauvuta uzi pembeni kidogo mpaka sikio liridhike. Sasa jaribu kuuvuta uzi mnene! Ndiyo maana nawaambia waanze na seti nyembamba, ile ambayo uzi wa kwanza ni inchi 0.009, wauzaji wanaiita seti ya 9. Ya 10 itakuja mkono ukishakomaa. Gitaa jipya likija na nyuzi nene au zenye kutu, usilihukumu kabla hujazibadilisha.

Tuje kwenye ampu, na hapa fundi ndiyo anasema. Ampu ya kujifunzia chumbani isizidi wati 10. Nyumba zetu zimegusana, jirani ana mtoto mchanga, na adhana haingoji umalize solo. Tafuta yenye tundu la hedifoni. Hilo tundu ndilo litakalokupa saa nyingi za kupiga kuliko kitu chengine chochote ndani ya ampu.

Halafu geuza nyuma usome maandishi. Umeme wetu ni volti 230. Vitu vya mtumba kutoka Japani vimeundwa kwa volti 100, vya Marekani 120. Vya Uingereza na vya Dubai vinaingia kwetu bila ya wasiwasi, hata plagi ni ile ile ya meno matatu. Nimeshaletewa ampu ya Kijapani, nzuri, mwenyewe kaifungia plagi yetu na kuichomeka bila kusoma. Alisikia "pu", akaona moshi, akaja kwangu akisema labda fyuzi. Nilichokikuta ndani kilikuwa transfoma iliyoungua mpaka inanuka. Kama umeipenda sana ya Japani, nunua na transfoma ya kushushia, na bei yake iingie kwenye hesabu kabla hujatoa pesa.

Jengine, na hili msilicheke. Nyuzi za gitaa zimeungwa na bodi ya ampu kwa waya. Nyumba ikiwa haina ethi ya kweli, ule waya unaoshuka ardhini, na ampu ina hitilafu, umeme unakuja mpaka kwenye vidole. Wewe umeshika nyuzi, mdomo unaupeleka kwenye maikrofoni iliyo kwenye mfumo mwengine, umeme unapita kwako. Nimeona mtu mzima akirushwa jukwaani. Kabla ya kuimba, gusa maikrofoni kwa bisibisi ya testa, halafu gusa nyuzi kwa testa hiyo hiyo, mkono wako usiziguse. Taa ikiwaka, zima kila kitu, mwite mtu wa umeme.

Basi ugawaje pesa? Tuseme una laki sita. Sisemi hizo ndizo bei za soko, nnasema mgao. Mimi ningeweka 350,000 kwenye gitaa, 130,000 kwenye ampu ndogo, na 120,000 zinazobaki nisizitie kwenye gitaa hata muuzaji alie machozi. Hizo ni za fundi, waya mzuri, mkoba, mkanda, seti mbili za nyuzi, na nyuzi za kwanza za ziada, kwa sababu ule mwembamba ndio unaokatika. Wengi wanatia zote sita kwenye gitaa, halafu wanapiga na waya unaokwaruza mwaka mzima.

Ukinunua la mtumba, nenda na waya wako mwenyewe. Chomeka, zungusha vifundo vyote, hamisha swichi ya pikapu kila upande. Kukwaruza kidogo ni vumbi, dawa yake ipo. Kukatika sauti unapoutikisa waya tunduni ni jeki, kazi ya lehemu dakika kumi. Yote hayo ni sababu ya kupunguziwa bei, si sababu ya kulikimbia. Na kama lipo Dar, muombe ndugu aliyeko huko aende Kariakoo na rula, apige picha ya freti ya 12 kwa karibu. Kijana yule wa simu nilimwambia hivyo. Binamu yake alikwenda, rula ikaonesha milimita 4. Hakununua. Kanuna siku mbili.

Bahari tusiisahau. Chumvi ya hapa inakula nyuzi. Ukimaliza kupiga, pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Usilitundike kwenye ukuta wa nje wa nyumba za mawe na chokaa, ukuta ule unakunywa maji masika yote. Mkobani tia vile vifuko vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mbao zikinywa unyevu shingo inatembea. Ikitembea, usiogope, ule ufito wa chuma umewekwa kwa kazi hiyo. Lakini mwache fundi aukaze mara ya kwanza, robo mzunguko tu, wewe utizame.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haya, funueni kanga.

Moja kati ya haya ni la Squier, moja halina jina kabisa, na hilo jekundu ndilo lile la juu ya kabati. Bei zake sitawaambia sasa. Kila mmoja aje ashike, apime, apige kila freti, kisha aniandikie kwenye karatasi lipi angelirudi kulishika kesho asubuhi. Tuanzie na walioko kwenye ngazi.

Nani ana rula?